Makali ya kabaidi yasitusahaulishe kinoo

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa miaka mingi methali hii imetumiwa kumnyamazisha mwalimu au mwanafunzi yeyote anayethubutu kulalamikia zana aliyokabidhiwa. Leo nataka kusimama upande wa mchagua jembe. Ipo kazi ambayo kuichagulia zana ni sehemu ya kazi yenyewe, na mfano ulio wazi ni ule wa kukereza mbao, yaani kulizungusha gogo kwenye mashine huku patasi ikilimega kidogo kidogo hadi likawa mguu wa kitanda, bakuli, mchi au mpini.

Suala hili limetujia wakati wake. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na ufundi wa mbao ni mojawapo ya masomo yanayoweza kuchaguliwa katika shule za sekondari ya juu. Waliokuwa wakifunza au kusoma wakati mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 watakumbuka jinsi wazazi walivyochanga fedha kwa harambee ili karakana zijengwe. Kuta zilisimama, mabati yakapigwa, lakini zana hazikutosha. Masomo ya vitendo yalipoondolewa kwenye mitihani ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, karakana nyingi zilikuwa zimekwisha kugeuzwa mabohari ya madawati mabovu. Taifa likirudi kwenye useremala mara ya pili, halina budi kujiuliza ni zana gani zinunuliwe, na kwa sababu gani.

Miongoni mwa zana zinazonadiwa kwa nguvu siku hizi ni patasi za kukereza zenye ncha za kabaidi. Patasi ya aina hii ni ufito wa chuma uliotiwa mpini, na mwishoni mwa ufito huo kuna ncha ndogo ya kabaidi iliyokazwa kwa skrubu. Ncha huwa ya mviringo, ya mraba au ya umbo la msambamba. Ukingo mmoja ukiwa butu, fundi hulegeza skrubu, akaigeuza ncha na kuendelea na kazi. Wauzaji huisifu kwa maneno matatu: ni imara, ni ya kudumu, wala hainolewi.

Mimi ni mwanaisimu, wala si seremala. Kilichonivuta kwenye kerezo ni maneno ya mafundi, na ni kwa njia ya maneno nitakavyoijadili bidhaa hii. Naamini kwamba sehemu kubwa ya mkanganyiko kuhusu ubora wake inatokana na maneno machache yanayotumiwa kana kwamba yana maana moja.

Tuanze na jina lenyewe. Msomaji akisikia "kabaidi" huenda akaukumbuka unga wa kijivu ambao wachomeleaji huutia maji ili kupata gesi ya asetilini, na ambao baadhi ya wachuuzi huutumia kuivisha ndizi na maembe kwa haraka. Hiyo ni kabaidi ya kalsiamu. Tunayoizungumzia hapa ni kabaidi ya tangisteni, na mbili hizi zinahusiana kwa jambo moja tu, kwamba kila moja ni muungano wa metali na kaboni. Tangisteni ni metali nzito mno. Jina lake limetoka katika Kiswidi, na maana yake ni "jiwe zito". Huyeyuka katika joto la nyuzi 3422 za Selsiasi, joto ambalo halifikiwi na metali nyingine yoyote kabla ya kuyeyuka.

Historia ya zana hizi ilianzia kwenye taa za umeme. Kampuni ya Osram ya Ujerumani ilihitaji kuvuta nyuzi nyembamba za tangisteni za kutiwa ndani ya balbu, na kwa kazi hiyo ilitumia vitundu vya almasi, ambavyo bei yake haikuwa ya mchezo. Katika kutafuta badala ya almasi, Karl Schröter aligundua kwamba chembe za kabaidi ya tangisteni zikichanganywa na metali laini zaidi, kisha zikashindiliwa na kuokwa katika joto kali, hushikamana zikawa kitu kimoja kigumu ajabu. Hataza iliombwa mwaka wa 1923. Miaka michache baadaye kampuni ya Krupp ilianza kuiuza bidhaa hiyo kwa jina la Widia, lililofupishwa kutokana na maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Tangu mwanzo, basi, kabaidi imeuzwa kwa tashbihi.

Tashbihi hiyo haikuwa uongo. Katika kipimo cha Mohs, ambacho humpa almasi 10, kabaidi hii hukaribia 9 au kuipita kidogo. Hata hivyo, ncha inayouzwa madukani si kabaidi tupu. Ni kama zege: chembe za kabaidi ndizo kokoto, na kobalti ndiyo saruji inayozishika. Kobalti ikiwa kidogo, ncha huwa ngumu zaidi lakini huvunjika upesi. Kobalti ikiongezwa, ncha hustahimili kishindo lakini huchakaa mapema. Chembe nazo zikiwa kubwa, ukingo hauwezi kuwa mwembamba. Zikiwa ndogo, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, ukingo hukubali makali mazuri. Kwa hiyo ncha mbili zinazofanana kama pacha, zenye rangi moja na umbo moja, zaweza kutofautiana mno kwa ubora. Neno "kabaidi" lililoandikwa kwenye kijisanduku halitwambii chochote kuhusu hayo.

Hapa ndipo ninapofikia maneno yangu manne. La kwanza ni ugumu, yaani uwezo wa kitu kukataa kukwaruzwa. La pili ni ukali, yaani wembamba wa ukingo unaokutana na mbao. La tatu ni ushupavu, yaani uwezo wa kupokea kishindo bila ya kuvunjika. La nne ni kudumu, yaani kuendelea kufaa kwa muda mrefu. Mnunuzi akiambiwa kwamba zana ni "imara", aghalabu hudhani ameahidiwa yote manne. Chupa ni ngumu kuliko msumari, na kigae chake kitaukwaruza msumari huo. Lakini viangushe vyote viwili sakafuni uone kipi kitaokotwa kikiwa kizima.

Kabaidi imejaliwa ugumu. Kwa ugumu huo inastahili sifa zote inazopewa, hasa katika mbao za ukanda wetu. Mvule, kwa mfano, huficha ndani yake vijiwe vya chokaa ambavyo huumeza ukingo wa patasi mara moja. Msaji una mchanga laini wa silika katika nyuzi zake. Mnazi, ambao katika pwani yetu hupasuliwa mbao unapozeeka na kukoma kuzaa, huzifanya zana za feleji kuwa butu upesi, na ndiyo sababu wapasuaji wake hushauriwa kutumia misumeno yenye meno ya kabaidi. Mpingo, ule unaosafirishwa kutoka Tanzania na Msumbiji kwenda kutengenezwa klarineti, ni mzito hata huzama majini. Mwalimu anayefundisha kukereza miti kama hii kwa patasi za feleji ya kawaida atautumia muda mwingi wa kipindi kwenye jiwe la kunolea.

Tupige hesabu ndogo ambayo wanafunzi wanaweza kuirudia darasani. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 10 lina mzingo wa sentimita 31 na kitu. Likizungushwa mara 1000 kwa dakika, mita 314 za mbao hupita mbele ya makali katika dakika hiyo moja. Kwa dakika kumi ni zaidi ya kilomita 3. Hakuna kisu cha jikoni kinachokata masafa hayo kwa mwaka. Ndiyo maana ukingo wa patasi ya kukereza huchoka upesi, na ndiyo maana ugumu si jambo la kupuuzwa.

Tukija kwenye ukali, hali hubadilika. Mshindani wa kabaidi ni ile feleji ambayo mafundi wa vyuma huiita haispidi. Ilitokana na majaribio ya Taylor na White katika kiwanda cha Bethlehem huko Pennsylvania, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, na ilipoonyeshwa mjini Paris mwaka wa 1900 iliwashangaza watu kwa kuendelea kukata chuma ilhali ncha yake imeiva kwa moto. Feleji hii si ngumu kama kabaidi, lakini hukubali ukingo mwembamba zaidi, na hunoleka kwenye gurudumu la kawaida kwa muda usiozidi dakika moja au mbili. Bobari lililonolewa vyema hukata nyuzi za mbao. Ncha ya kabaidi inayoshikwa mlalo, kama wanafunzi wengi wanavyoelekezwa kuishika, huzikwangua. Tofauti ya vitenzi hivi viwili huonekana kwa macho na huhisiwa kwa kidole. Katika mbao laini kama saiprasi, ambayo ndiyo hupatikana kwa urahisi katika shule nyingi za bara, kukwangua huacha nyuzi zilizochanika, na mwanafunzi hulazimika kuzifukuza kwa msasa hadi kengele ilie.

Kuhusu ushupavu, kabaidi ni dhaifu. Patasi ya haispidi ikianguka kwenye sakafu ya saruji hupata pengo dogo ambalo hunolewa likaisha. Ncha ya kabaidi ikianguka vivyo hivyo yaweza kumeguka pembe, na ndani ya karakana yenye wanafunzi arobaini zana huanguka. Zaidi ya hayo, ncha hukalia kitako cha chuma. Kitako kisipokuwa bapa sawasawa, au machujo yakiingia chini ya ncha, mfundo wa kwanza wa gogo utaivunja hata ikiwa imetoka kiwanda bora. Hata kemia ina neno lake: tanini iliyomo katika mbao mbichi za migunga na mikaratusi huila kobalti taratibu, na saruji ikiliwa kokoto hubanduka.

Lipo jambo moja ambalo ni lazima niliseme kwa ajili ya usalama wa wanafunzi, kwani linahusu neno hilo hilo la ushupavu. Baadhi ya mafundi hutengeneza patasi za kukereza kutokana na tupa kuukuu. Tupa ni ngumu, na kwa sababu hiyo huonekana kufaa. Lakini si shupavu, na ikinaswa na gogo linalozunguka huweza kukatika na kumrukia mkerezaji usoni. Springi ya gari iliyofuliwa na fundi anayejua kuitia matiko ni salama kuliko tupa iliyochongwa kwa haraka.

Sasa tulitazame neno la nne. Je, patasi za kabaidi hudumu? Jibu linategemea ni sehemu gani inayoulizwa. Ufito na mpini vyaweza kumzidi mwalimu umri. Ncha hudumu kwa muda mrefu kuliko ukingo wa feleji, lakini ina mwisho wake, na mwisho huo ukifika zana yote husimama mpaka ncha nyingine inunuliwe. Nimewahi kuzuru karakana moja ya shule ambako patasi tatu za kabaidi zilikuwa zimening'inizwa ukutani zikiwa safi, zisizotumika kwa sababu ncha zake zilikuwa butu pande zote na muuzaji aliyezileta hakuwa na nyingine za kipimo kile. Chini yake kulikuwa na sanduku la mabobari ya zamani yenye kutu, ambayo hakuna aliyeyanoa kwa kuwa wote walikuwa wameambiwa kwamba enzi ya kunoa imepita. Kwa hiyo shule ile ilikuwa na zana "zisizonolewa" na zana zisizonolewa, na haikuwa na hata moja ya kukatia.

Mtu aweza kunijibu kwamba nadharia ni rahisi kwa mhadhiri, ilhali mwalimu wa karakana ana vipindi vichache, wanafunzi wengi na mashine moja ya kunolea. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Bobari huhitaji wiki kadhaa kabla ya mkono kuuzoea mteremko wa makali yake, na mwanafunzi akilikosea hunasa, gogo likaruka. Ncha ya kabaidi huhitaji sharti moja kubwa: ishikwe mlalo, usawa wa kitovu cha gogo. Mwanafunzi huweza kutengeneza kitu cha kujivunia katika siku yake ya kwanza, na furaha hiyo huenda ndiyo itakayomrudisha karakanani siku ya pili. Kwa anayeanza, na kwa mbao ngumu, kabaidi ni msaada wa kweli. Shule isiyokuwa na hata patasi moja ya aina hiyo inajinyima.

Ninachokipinga ni ile ahadi ya tatu, kwamba zana hainolewi. Kwanza, si kweli. Ncha nyingi za kabaidi zenye uso bapa zaweza kurudishiwa sehemu ya makali yake kwa kusuguliwa juu ya bamba la almasi lililotiwa maji, uso wake wa juu ukiwa umelala sawasawa. Kinoo cha kawaida hakiwezi kazi hiyo, kwa maana kabaidi ni ngumu kukishinda. Maji nayo si ya hiari: vumbi la kabaidi na kobalti ni hatari kwa mapafu, na mwalimu asimruhusu mwanafunzi yeyote kuisaga ncha kavu kwenye gurudumu. Pili, hata ingekuwa kweli, ingekuwa ni hasara kwa shule. Anayenoa hulazimika kuangalia ukingo, kuuliza kwa nini umekufa, kuupima mteremko wake, kuujaribu na kuurekebisha. Kwa lugha ya mtaala, huo ndio umilisi wenyewe. Anayebadilisha ncha hujifunza kulegeza skrubu. Kijana akihitimu na kwenda kufungua kibanda chake Gikomba au Kongowea, atakutana na randa, msumeno, patasi ya kawaida na keekee, na vyote hivyo vitamdai ujuzi wa kunoa ambao hakufundishwa.

Lugha yetu yenyewe inashuhudia kwamba ujuzi huu si mgeni kwetu. Tunazo noa, kinoo, makali, butu, matiko na feleji. Tunalo kereza, na tunalo kerezo. Miguu iliyokerezwa ya vitanda vya kale vya Lamu ilitengenezwa na watu waliokuwa na msamiati kamili wa kazi yao. Mwanafunzi anayejua majina ya sehemu za zana yake huweza kueleza kilichoharibika. Asiyeyajua husema tu kwamba "imekataa". Walimu wa Kiswahili na walimu wa karakana wangeweza kuandaa pamoja orodha ya istilahi hizi kwa alasiri mbili tu, na gharama yake ingekuwa karatasi.

Wala tusisahau ncha hizi zimetoka wapi. Kobalti nyingi ya dunia, zaidi ya nusu yake, huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika nchi ya Kolwezi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani. Rwanda nayo huchimba tangisteni katika mgodi wa Nyakabingo. Madini haya huondoka kwetu yakiwa mawe, yakapita viwanda vya mbali, kisha mengine yakarudi yakiwa vipande vidogo kuliko kucha, vyenye bei ambayo bajeti ya shule huiona. Siwezi kumtaka mwalimu wa Gredi ya 10 atengeneze kiwanda. Naweza kumtaka awaonyeshe wanafunzi wake njia hiyo kwenye ramani, ili wajue kwamba kilicho mkononi mwao hakikushuka kutoka mbinguni, na kwamba miongoni mwao huenda yumo atakayeuliza kwa nini hakiokwi hapa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la kadiri. Kila karakana iwe kwanza na seti kamili ya patasi za haispidi kwa kila mashine: bobari pana la kulivunja gogo, bobari jembamba, patasi ya mshazari na ya kukatia vipande. Iwe na gurudumu la kunolea lililokingwa, miwani ya kinga, na kinoo. Kisha iongeze patasi moja au mbili za kabaidi kwa ajili ya mvule, msaji na mnazi, pamoja na ncha za akiba na bamba la almasi. Kunoa kuwe somo la muhula wa kwanza, na kupewe alama kama kunavyopewa kiungo cha mbao. Mpangilio huu ukigeuzwa, kabaidi ikanunuliwa kwanza na vifaa vya kunolea vikaachwa "mpaka fedha zipatikane", tutarudi kwenye ukuta wa zana safi zisizotumika.

Mwalimu mkuu anapoletewa hati ya kuidhinisha ununuzi, na aulize maswali manne kabla ya kutia sahihi. Je, ncha peke yake zinauzwa humu nchini, na kwa vipimo vinavyopatikana kwa zaidi ya muuzaji mmoja? Je, bei ya ncha ikigawanywa kwa idadi ya pembe zake, kila ukingo unagharimu kiasi gani? Je, kitako cha ufito ni bapa, na ncha hukaa bila ya kutikisika? Je, nani katika shule hii anajua kunoa, na wanafunzi wangapi atakuwa amewafundisha kufikia mwisho wa mwaka? Muuzaji asiyeweza kuyajibu matatu ya kwanza aende na mzigo wake. La nne ni letu sisi wenyewe, na mwenye kuliuliza kwa dhati, hata akiitwa mchagua jembe, ni mkulima.